MWENYE PUMU NA UGONJWA WA KORONA: Tuogope nini, tusiogope nini?



Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunapenda kuzungumza na familia zenye mgonjwa wa pumu, au mtu anayesumbuliwa na mzio, yaani ile hali ambayo wengi huiita aleji. Swali tunaulizwa mara nyingi kliniki: "Sista, mwanangu ana pumu. Korona ikimpata, si ndiyo basi tena?" Wapo wanaouliza kwa namna nyingine: "Mafua yangu haya ya kila asubuhi, si korona kweli?" Na wapo wasiouliza kitu chochote, bali wanaacha dawa kimya kimya. Hao ndio wanaotutia wasiwasi zaidi.

Ni kweli kwamba tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura ya korona imekwisha. Lakini virusi vyenyewe havikuondoka. Vingali vinazunguka kati yetu pamoja na virusi vya mafua ya kawaida. Kwa hiyo somo hili halijapitwa na wakati.

DAWA ILIYOKAA KABATINI

Mwaka 2020 mama mmoja alimleta hospitalini kijana wake wa miaka 11. Mtoto huyo alikuwa na pumu tangu udogo, lakini alipoanzishiwa dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu alipata nafuu kubwa. Alikwenda shule, alicheza mpira, na usiku alilala bila kukohoa. Korona ilipoingia nchini mwezi wa Machi, jirani alimwambia mama kwamba dawa ile inashusha kinga ya mwili, na kwamba mwenye kuitumia akipata korona haponi. Mama akaifungia kabatini.

Baada ya majuma machache mtoto alishikwa na mafua, na kifua kikaanza kubana. Mama aliogopa kuja hospitali, kwa sababu alisikia kwamba kila anayekohoa anatengwa. Alikaa naye siku mbili akimfukiza nyungu. Alipofika kwetu, mtoto hakuweza kumaliza sentensi moja bila kukatika pumzi.

Nasi hatuna budi kuungama upande wetu. Siku zile sisi wauguzi tuliogopa pia. Mtoto yule aliketishwa kwanza kwenye benchi la nje la wenye kukohoa asubiri zamu, na pumu iliyobana haisubiri zamu. Mwenzetu mmoja alipomwangalia vizuri, akaona mbavu zinaingia ndani kila anapovuta hewa, ndipo tulipomkimbiza ndani na kumwekea oksijeni. Tunamshukuru Mungu, alipona. Lakini tulijifunza jambo. Iwe ni korona au mafua tu, kilichomfikisha mtoto pale ni dawa iliyokaa kabatini, na hofu iliyomchelewesha njiani.

MZIO NI NINI, NA PUMU NI NINI?

Mungu ameupa mwili wetu walinzi wa kupambana na vijidudu. Kwa watu wengine walinzi hao hukosea, wakapambana na kitu kisicho adui: vumbi la nyumbani, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaoishi ndani ya magodoro, uchafu wa mende, manyoya ya paka, ukungu wa ukutani, au chavua za nyasi na maua. Huo ndio mzio. Ukishika pua, mtu hupiga chafya na kutoka kamasi nyepesi. Ukishika ngozi, mtu huwashwa na kupata ukurutu. Mara nyingi mzio huchochea pia pumu, ingawa si kila pumu hutokana na mzio.

Katika pumu, mirija ya hewa iliyo ndani ya mapafu huwa na uvimbe wa muda mrefu, hata siku ambayo mgonjwa hajisikii vibaya. Anapokutana na moshi, vumbi, baridi au mafua, misuli ya mirija hukaza na ute huongezeka, hewa ikapita kwa shida. Ndiyo maana tunasikia kifua kikilia kama mluzi.

Ugonjwa huu si mdogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019, kabla korona haijaenea, watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na 455,000 walikufa kwa ajili yake. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, ambako mara nyingi dawa hazipatikani au hazitumiwi ipasavyo.

UTAFITI UMEONYESHA NINI?

Mwaka 2020 korona ilipoanza, madaktari wengi nao walidhani wenye pumu wangekuwa wa kwanza kufa. Ilikuwa haki kuogopa, kwa sababu korona hushambulia mapafu. Lakini wagonjwa walipohesabiwa, mambo yalionekana hivi:

1. Kuambukizwa. Nchini Marekani watafiti walifuatilia familia karibu 1,400, zenye watu zaidi ya 4,000, kuanzia Mei 2020 hadi Februari 2021. Waliona kwamba wenye pumu, mafua ya mzio au ukurutu hawakuambukizwa zaidi ya wengine. Wenye mzio wa chakula waliambukizwa hata pungufu.

2. Kufa. Nchini Uingereza zilichunguzwa kumbukumbu za matibabu za watu wazima zaidi ya milioni 17. Wenye pumu ambao hawakuhitaji vidonge vya steroidi siku za karibuni hawakufa kwa korona zaidi ya watu wasio na pumu. Wale ambao pumu yao iliwalazimu kumeza vidonge hivyo walikuwa na hatari iliyozidi kidogo.

3. Mapafu yaliyochakaa. Katika hesabu hiyo hiyo, wenye magonjwa mengine ya kudumu ya mapafu walikuwa na hatari kubwa zaidi, kama mara moja na nusu hivi ya watu wengine.

4. Umri. Uzee ulizidi yote. Wenye miaka 80 na zaidi walikuwa na hatari zaidi ya mara 20 kuliko wenye miaka 50 hadi 59.

Kwa nini pumu haikuleta maafa yaliyotazamiwa? Sababu moja inayotajwa ni hii. Virusi vya korona huingia mwilini kwa kujishikiza kwenye mlango maalumu ulio juu ya chembe hai za pua na mapafu, uitwao ACE2. Watafiti waligundua mwaka 2020 kwamba watu wenye pumu ya mzio wana milango hiyo michache zaidi. Lakini asijidanganye mtu kwamba mzio ni kinga. Mwenye pumu huambukizwa korona kama mwingine yeyote, na wapo waliougua sana.

Hapa tunaomba wasomaji waangalie vizuri jambo la tatu. Vijijini kwetu kila mtu mzima anayehema kwa shida huambiwa ana pumu. Bibi aliyepika kwa kuni miaka 40 katika jiko lisilo na dirisha, au babu aliyevuta sigara tangu ujana, huenda hana pumu bali mapafu yake yamechakaa. Pumu huja na kuondoka, na mara nyingi huanza utotoni. Mapafu yaliyochakaa huzidi polepole mwaka hadi mwaka, na hata siku nzuri mtu hachapuki. Wazee hawa ndio wa kulindwa zaidi korona na mafua yanapozuka. Mleteni mzee apimwe ili ajulikane ana nini hasa.

JE, DAWA YA KUVUTA INASHUSHA KINGA?

Kwa kawaida mgonjwa wa pumu huhitaji dawa za namna mbili. Ya kwanza ni ya kufungua kifua, kama salbutamoli. Hulegeza misuli ya mirija kwa saa chache, lakini haiondoi uvimbe. Ya pili ni ya kuzuia, kama beklometasoni au budesonidi. Hii hupunguza uvimbe polepole, nayo hutumiwa kila siku, hata siku ambayo mgonjwa ni mzima. Wengine hupewa pampu moja yenye dawa zote mbili pamoja. Msitegemee rangi ya pampu. Someni jina lake, au mtuulize.

Dawa ya kuzuia ni ya jamii ya steroidi, na hapo ndipo hofu ilipoanzia. Hebu tupige hesabu. Mvuto mmoja wa beklometasoni kwa kawaida una mikrogramu 100. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 kina mikrogramu 5,000, yaani uzito wa mivuto 50. Tena dawa ya kuvuta huenda moja kwa moja kwenye mapafu, lakini kidonge huzunguka mwili mzima. Kwa hiyo mtu asiache dawa yake ya kuvuta kwa kuogopa korona. Akiiacha, uvimbe hurudi, na mafua ya kwanza yatakayokuja yatamkuta mlango uko wazi.

Vidonge vya prednisoloni navyo vina mahali pake. Pumu ikibana sana, siku chache za vidonge huokoa maisha, na tusivikatae daktari akiviandika. Kibaya ni kununua vidonge hivyo dukani kila kifua kinapobana, mwezi baada ya mwezi. Hivyo kweli huweza kudhoofisha kinga, na pia mifupa. Mgonjwa aliyehitaji vidonge mara mbili katika mwaka mmoja, pumu yake haijatulia. Aje kliniki.

JIPIME MWENYEWE

Jiulize maswali haya manne kuhusu majuma manne yaliyopita:

1. Je, nilibanwa kifua mchana zaidi ya mara mbili kwa juma?
2. Je, niliamka usiku hata mara moja kwa sababu ya pumu?
3. Je, nilitumia dawa ya kufungua kifua zaidi ya mara mbili kwa juma?
4. Je, niliacha kazi au mchezo wowote kwa sababu ya pumu?

Kama majibu yote ni hapana, pumu yako imetulia, na hatari yako mbele ya korona haipishani sana na ya jirani yako mwenye umri na afya kama yako. Kama umejibu ndiyo hata kwa swali moja, njoo tuangalie dawa zako. Ukijibu ndiyo kwa matatu au manne, usingoje tarehe ya kliniki.

NI MZIO AU NI KORONA?

Mafua ya mzio huwasha: macho, pua, na juu ya kaakaa. Kamasi yake ni nyepesi kama maji. Hayaleti homa. Huja ukifagia, ukitandika kitanda au ukipukuchua mahindi, na hupungua ukiondoka kwenye vumbi.

Korona mara nyingi huja na homa, uchovu, maumivu ya mwili, kichwa na koo, pamoja na kikohozi. Wengine hupoteza harufu ya vitu kabisa, ingawa pua iliyozibwa na mzio nayo hupunguza harufu. Wengine hupata mafua mepesi tu, na hapo ni kipimo peke yake kinachoweza kutenganisha. Mwenye mzio anayajua mafua yake. Yakibadilika tabia, au homa ikaingia, akae mbali na wazee, avae barakoa, na aende kupimwa panapopatikana kipimo.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Endelea na dawa ya kuzuia kila siku, ukiwa mzima na ukiwa na mafua. Sukutua mdomo kwa maji baada ya kuivuta.

2. Tumia chupa. Dawa inayopulizwa moja kwa moja mdomoni nyingi huishia kooni. Utafiti uliofanywa Cape Town, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa vizuri kitakoni na kuzibwa isivuje, iliwasaidia watoto waliobanwa na pumu sawa na kifaa cha kununua. Mdomo wa pampu huingizwa kwenye tundu la kitako, na mgonjwa huvutia kwenye mdomo wa chupa. Njooni kliniki tuwaonyeshe jinsi ya kuitengeneza. Watoto wadogo sana huhitaji kifaa chenye kifuniko cha uso.

3. Pampu na chupa ni za mtu mmoja. Msiazimane, hata ndugu wa tumbo moja, kwa maana mate hubeba virusi. Osheni chupa kwa maji na sabuni, iacheni ikauke yenyewe bila kuifuta.

4. Msimfukize nyungu mwenye pumu. Mvuke wa moto na harufu kali za majani huweza kukaza kifua, na watoto wameungua kwa sufuria kupinduka.

5. Homa ikipanda, tumieni parasetamoli. Wapo wagonjwa wa pumu ambao aspirini, ibuprofeni au diklofenaki huwabana kifua. Kila mnaponunua dawa, semeni kwanza: "Mgonjwa ana pumu."

6. Ondoeni moshi na vumbi. Mgonjwa asilale jikoni. Magodoro na mablanketi yaanikwe juani, shuka zifuliwe kila juma, na sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa vumbi likatimka. Sigara isivutwe ndani.

7. Chanjo. Mwenye pumu, mafua ya mzio au mzio wa chakula anaweza kuchanjwa dhidi ya korona pale chanjo inapopatikana. Asiyepaswa ni yule aliyepata mzio mkali kwa dozi iliyotangulia, au kwa kitu kilichomo ndani ya chanjo hiyo. Mzio mkali baada ya chanjo ni nadra. Marekani walihesabu takriban watu 5 katika kila dozi milioni moja. Ndiyo maana mtu huambiwa akae kituoni dakika 15, au 30 kama amewahi kupata mzio mkali, ili akisumbuka asaidiwe papo hapo.

DALILI ZA HATARI

Mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja, mchana au usiku, mkiona hata moja kati ya hizi:

– hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au mtoto hawezi kunyonya;
– mbavu au shingo zinaingia ndani anapovuta hewa;
– ulimi au ndani ya midomo pamegeuka rangi ya kijivu au buluu;
– amelegea, anasinzia au amechanganyikiwa;
– kifua kilichokuwa kikilia mluzi kimenyamaza, naye bado anahema kwa shida.

Mkiwa njiani mketisheni wima, msimlaze. Mtu mzima, au mtoto aliyezidi miaka 5, apewe salbutamoli mivuto 4 kwa chupa, mmoja mmoja, akivuta pumzi mara sita kwa kila mvuto. Baada ya dakika 20 rudieni kama bado amebanwa. Msisubiri nyumbani kuona kama itasaidia. Mkifika mapokezi, semeni kwa sauti kwamba huyu ana pumu na amebanwa. Msikubali kuketishwa kimya kwenye benchi.

KANISANI NA KATIKA JUMUIYA

Siku za korona wapo wagonjwa wa pumu walioacha kuja Misa, si kwa sababu walikatazwa, bali kwa sababu kila walipokohoa watu waligeuka na kusogea. Si kila anayekohoa ana virusi. Lakini mwenye mafua mapya, awe na pumu au asiwe nayo, na abaki nyumbani au avae barakoa, kwa upendo kwa mzee aliyekaa benchi la mbele. Mwenye kubanwa na moshi wa ubani na akae karibu na mlango au dirisha, na wahudumu wa altare wasiweke ubani mwingi kupita kiasi. Madirisha ya kanisa yafunguliwe, kwa maana hewa inayopita huwafaa wote wawili, mwenye pumu na anayeogopa virusi.

Jumuiya inaweza pia kufanya kazi ya Msamaria Mwema kwa namna ndogo sana: kujua ni nyumba ipi ina mgonjwa wa pumu, nani ana pikipiki au gari usiku, na nani anaweza kuchangia dawa ya kuzuia ikikatika.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika jumuiya yetu, ni nani aliyeacha dawa kwa kusikia maneno ya watu? Tutamsaidiaje kwa upole?
2. Jiko letu lina dirisha? Ni nani anayevuta moshi wake kila siku?
3. Pumu ikimbana mtoto saa nane usiku, tutamfikishaje hospitali?

Kijana tuliyemtaja sasa amekua. Tulipomwona mara ya mwisho alikuja mwenyewe kuchukua dawa yake ya kuzuia, mama hakumsindikiza. Alituambia kwamba korona ilimpata baadaye, akalala kitandani siku nne, na kifua hakikubana. Basi nawe, ndugu msomaji, ukimaliza kusoma ukurasa huu, nenda kaangalie kabati lako. Kama iko dawa iliyofungiwa humo kwa hofu, itoe, angalia tarehe yake isiwe imepita, na njoo tuzungumze.

Mungu azibariki familia zenu.